Nani Alinilowanishia Godoro?

Ndugu wasomaji, hadi leo nikikumbuka nasonya peke yangu.

Joto la Kiwalani mnalijua. Ukifunga dirisha, chumba kinageuka tanuri. Ndiyo maana niliweka luva, vile vioo vyembamba vinavyolala kwa kuinama, hewa ipite na mvua ibaki nje. Lakini wiki nzima nilirudi kutoka kazini nikakuta godoro limelowa. Nikaamua ni Mama Zuhura, jirani anayefulia nyuma ya dirisha langu.

Jumamosi nikamvaa uani, wapangaji wote wakisikia.

"Mama Zuhura, mie nimechoka! Kwa nini unanimwagia maji kitandani?"

"Mie? Hee! Nikumwagie umenikosea nini?"

"Usinifanye mjinga! Leo utalianika hilo godoro mwenyewe!"

Nikamshika mkono, nikamkokota hadi chumbani kwangu akaone alichofanya. Wapangaji wakatufuata, wakajaa mlangoni. Nikiwa bado nafoka, mvua ikashuka kwa kishindo. Sote tukaona maji yakigonga vioo, yakateleza kwa ndani, yakatiririka moja kwa moja kitandani.

Mama Zuhura akasogea, akavipapasa.

"Dada, luva zako zimeinamia ndani. Fremu imewekwa nyuma mbele. Fundi gani huyo?"

Nilitamani kumtaja mtu yeyote yule. Ila mume wangu, aliyekuwa mlangoni na wapangaji, akanitangulia, tena kwa sauti.

"Aliipachika huyu mwenyewe. Fundi alikuja, yeye akamfukuza, akamwambia hajui kazi."