Kivuli Kwenye Taya la Mama

Mama aliuficha ule uvimbe kwa muda mrefu kabla sijauona. Alikuwa akifunga kitambaa hadi chini ya kidevu, kama wafanyavyo wanawake wengi wa kwetu Musanda wakienda kupalilia miwa asubuhi yenye baridi, nami niliamini ni baridi tu. Jumamosi moja nilifika nyumbani bila kupiga simu nikamkuta amekifungua ili anawe uso. Taya lake la kushoto lilikuwa limetokeza, kana kwamba ametia kiazi kidogo shavuni.

Aliponiona alikifunga haraka.

"Tangu lini, Mama?"

"Hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi," akasema, akaenda kuchochea moto.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini alinyamaza. Dada yake mkubwa alikufa kwa uvimbe wa taya nilipokuwa darasa la sita. Alipasuliwa, akarudi nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha tukamzika. Tangu hapo Mama alishikilia kwamba chuma cha daktari ndicho kilichouamsha ugonjwa ule. Angeachwa hivyo hivyo, alisema, angeishi. Hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo, si baba alipokuwa hai, si mchungaji.

Nilimbembeleza wiki mbili. Nilikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Kakamega, na kila siku nilipita mbele ya kliniki ya meno iliyokuwa imeleta mashine mpya ya kupiga picha ya taya zima. Mwishowe nikampa ahadi ambayo sikuwa na haki ya kuitoa.

"Picha tu, Mama. Hakuna atakayekugusa."

"Apa."

Nikaapa.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alimwita Mama "mama" na kumsalimia kwa mikono miwili kabla ya kuuliza chochote. Alimweleza kwamba atasimama, ataweka kidevu mahali pake, atauma kijiti kidogo cha plastiki, na mkono wa mashine utamzunguka kichwa. Usisogee, alimwambia, ni muda wa kuvuta pumzi mbili tatu.

Mkono ulipoanza kuzunguka, Mama alifumba macho na kurudi nyuma. Picha ikaharibika. Mara ya pili nilimwona, kupitia kidirisha, ameng'ang'ania vishikio hadi mishipa ya mikono ikamsimama. Hakusogea.

Picha ilitokea kwenye kompyuta hata hajatoka kule. Meno yote ya mama yangu, meupe juu ya kijivu, pamoja na nafasi za yale aliyokwisha kupoteza. Na upande wa kushoto, ndani ya mfupa, doa jeusi la mviringo. Niliangalia uso wa daktari. Alisogeza picha karibu, akaipunguzia mwanga, akaiongezea.

"Ni nini?" nikauliza.

"Sitaki kubahatisha. Kuna mtaalamu wa upasuaji wa taya huko Eldoret. Namtumia picha sasa hivi, aitazame nami."

Tuliketi kwenye benchi la nje. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Mbele yetu msichana mmoja alikuwa akicheka na simu yake, nami nilitamani kumnyamazisha. Mama alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono yote miwili. Kisha akasema kwa Kiluhya, taratibu, kama anayenituma dukani:

"Mkinizika, usikubali wanifungue kitambaa. Kwenye mazishi ya dada yangu watu walimwangalia sana."

Nilimsogelea hadi mabega yetu yakagusana.

Daktari alituita. Badala ya kuzungumza nami, aligeuza kompyuta ikamwelekea Mama.

"Mama, njoo uone mwenyewe."

Mama alisogea karibu, akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Hii ni mimi?"

"Ni wewe. Hapa kulikuwa na gego. Lilitolewa wapi?"

Mama alifikiri. "Kuna mtu alikuwanga anatoa meno soko ya Lubao. Nilikuwa na mimba ya huyu. Alivuta, jino ikavunjika, akasema imeisha."

"Haikuisha. Unaona hiki kipande cheupe katikati ya doa? Ni mzizi wa lile jino. Umekaa humo miaka yote, na mwili umejenga kifuko cha maji kuuzunguka. Mtaalamu anaona hivyo hivyo. Lakini hatuwezi kuwa na hakika mpaka tukitoe na kukipeleka maabara."

"Mkitoe na nini?"

Daktari hakumdanganya. "Tutakata, mama."

Mama alinigeukia. "Ulisema picha tu."

Niliinamisha kichwa. Hasira iliyokuwa machoni pake sikuwahi kuiona, na ilinistahili. Akamgeukia daktari tena.

"Na ya dada yangu? Yeye pia ilikuwa mzizi?"

"Sijui, mama. Alipigwa picha kama hii kabla ya kupasuliwa?"

"Walimshika tu kwa mkono. Wakasema wanaona."

Mama aliitazama picha muda mrefu, akauliza ule mstari mwembamba chini ya doa ni nini. Ni njia ya mshipa wa fahamu, aliambiwa. Ukiguswa vibaya, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Kwa kuwa unaonekana, wangejua wapite wapi.

"Basi pita mbali nayo," akasema Mama.

Alirudi wiki iliyofuata. Mtaalamu alikuja kutoka Eldoret, na picha ikawekwa kwenye skrini juu ya kiti ili waione wakifanya kazi. Niliruhusiwa kushika mkono wa Mama hadi ganzi iliposhika, kisha nikatolewa. Niliposikia mashine ikilia ndani nilitoka hadi barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Waliponiita, Mama alikuwa ameketi, pamba mdomoni, macho mekundu lakini wazi. Kwenye sahani ya chuma kulikuwa na kipande cha manjano kisichozidi punje ya mahindi.

Majibu ya maabara yalichukua siku kumi na mbili. Mdomo wake wa chini ulikuwa na ganzi upande mmoja, na uji ulimwagika kidevuni bila yeye kujua. Kila nilipoufuta niliwaza labda hata hiyo haitaisha. Ikaisha polepole baadaye. Daktari aliponipigia simu nilikuwa Musanda, uani. Kile kifuko hakikuwa saratani. Nilimwambia Mama kwa kelele, nikitarajia atapiga vigelegele.

Aliketi chini palepale, akafungua kitambaa, akalia. Alilitaja jina la dada yake mara moja tu.

Alipomaliza alijifuta uso na kuniuliza kama simu yangu ina chaji. Binti wa huyo marehemu, anayepika katika chuo cha Bukura, alikuwa akilalamikia jino tangu msimu wa kupanda.

"Mpigie," akasema. "Mwambie aende apigwe picha. Si wiki ijayo. Kesho."