Jumatano Yetu ya Maji

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mama yangu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana kila Juni, shule ninayofundisha ikifungwa nikapanda kwake mlimani, alikuwa ananipa kazi kabla salamu hazijaisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Masweta yako wapi?"

Naweka mfuko chini. Ndani yake kuna masweta ya mitumba niliyochagua mnadani Same, yale ya sufu nzuri ambayo hayavaliki tena, kiwiko kimetoboka au kifua kimeingia madoa. Hatukuwa tunayanunua tuvae. Tulikuwa tunayafumua tupate uzi. Ni kazi ya watu wawili: mmoja anavuta uzi, mwenzake ananyoosha mikono mbele uzi uzungushiwe hapo. Ukimaliza unaufua, unauning'iniza na kufunga jiwe chini yake mpaka unyooke. Nikilegeza mikono mama alikuwa ananipiga kikofi kidogo. Mtu mzima mimi, mwalimu, nina wanangu watatu.

Alifumia sindano ambazo marehemu baba alimchongea kutokana na spoku za baiskeli. Kipupwe chote, ukungu umekaa mlangoni hadi saa nne asubuhi, alikuwa anajikunyata jikoni kando ya sufuria ya makande akifuma masweta ya wajukuu zake. Na wajukuu wenyewe wanaishi kwangu Same, bondeni, ambako hata shuka unaipiga teke usiku. "Mama, wanangu wanatoka jasho wakiona uzi tu," nilimwambia. Akacheka, akaendelea na safu yake.

Mchana jua likitoka kidogo tulikwenda bustanini. Alikuwa na matuta tisa nyuma ya nyumba: kabichi, karoti, vitunguu, mnavu, na nyanya alizozifungia kwenye miti kwa vipande vya uzi uliobaki. Bustani ile ilikuwa inanywa maji ya ndiva, bwawa la udongo na mawe walilolichimba wazee wetu juu ya kijiji. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi tundu linazibuliwa, yanashuka kwa mfereji kwenda kwa mwenye zamu. Kila nyumba ina siku yake. Ya kwetu ni Jumatano. Babu yake baba alishika jembe siku ndiva inachimbwa, akapewa Jumatano, ikateremka hadi kwa baba, na baba alipofariki ikabaki kwa mama.

Zamu hiyo haina karatasi. Inalindwa kwa kitu kimoja tu. Masika yakiisha ndiva inakuwa imejaa tope, basi linaitishwa msaragambo, kazi ya watu wote. Pembe inapigwa alfajiri, na kila nyumba yenye zamu inatoa mtu na jembe lake. Nyumba isiyotoa mtu, zamu yake wanapewa wengine kiangazi chote. Hakuna cha nilisahau wala nilisafiri.

Mwaka ninaousimulia, nilimkuta mama anakohoa kikohozi kibaya. Kilimkamata akiwa ameshika sufuria, akaiweka chini, akainama ameshika magoti mpaka kikaisha. Roho iliniuma sana. Anaishi peke yake, ndugu zangu wako mbali, zahanati ni mwendo wa saa nzima wa kuteremka na kupanda. Nikamwambia, kama nilivyomwambia miaka mitatu mfululizo, "Mama, twende ukakae kwangu. Hewa ya kule ni kavu, kifua kitapona."

"Na Jumatano nimwachie nani?"

"Mama! Unazungumzia maji, mimi nazungumzia uhai wako."

"Bila maji hapa si kwangu tena, ni nyumba tu," alisema. "Nikiiachia Jumatano nimekwisha kutoka. Hebu shika uzi."

Nilitoka nje nikaupiga mlango. Nimesema hasira zangu ziko karibu.

Siku tatu baadaye tukatangaziwa kwamba msaragambo ni Jumamosi. Mama akaanza kutafuta jembe. Nikamnyang'anya. "Wewe lala na kifua chako, nitakwenda mimi." Akanishukuru. Ijumaa jioni akapasha maji akaniosha miguu, eti tope la ndiva linapasua visigino visivyoandaliwa. Nakumbuka nilikuwa nimekusudia kwenda kweli. Naapa.

Pembe ililia bado kuna giza. Nilifungua macho. Chumba cha pili kilikuwa kimya, mama hata hakukohoa. Ikalia mara ya pili, nikasikia watu wanapita njiani na majembe, wanataniana. Ndipo wazo likanijia, baya na jepesi: nisipokwenda, Jumatano inaondoka. Jumatano ikiondoka, mama hana sababu. Nikageukia ukutani, nikavuta blanketi mpaka masikioni. Hivyo tu. Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kumfanyia mama yangu nililifanya nimelala ubavu, bila hata kunyanyua mkono.

Kulipokucha nikamwambia usingizi umenipitia. Alinitazama kidogo. "Haya," alisema, akakoleza moto.

Jioni mwenyekiti wa ndiva alikuja mwenyewe, tope likiwa bado kwenye miguu yake. Ni mtu mpole, alimaliza chai yote kabla ya kusema. Alisema Jumatano wamepewa majirani. "Mkitaka irudi, mama, desturi unaijua. Msaragambo wa kabla ya vuli, aliyekosa asimame mbele ya watu aseme mwenyewe sababu yake. Watu wakiridhika, basi." Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeangalia kikombe.

Wiki mbili zikatosha. Mnavu ulianza kukauka, zikafuata karoti, kabichi zikakunja majani zikiwa hazijafunga. Mama alijaribu kubeba maji ya kijitoni kwa ndoo, kikohozi kikamrudisha njiani. Likizo yangu ilipokwisha nikamwambia, kwa sauti laini ninayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi walioshindwa, "Sasa mama, kilichobaki hapa ni nini?" Hakubisha. Alifunga sindano zake kwenye kanga, akawapa majirani kuku, tukashuka. Nilikuwa nimeshinda, na ndani ya gari nilikuwa natamani angalau anigombeze.

Kifua chake kilipona, hilo nisilifiche. Kufikia Agosti alikuwa halali tena na mto nyuma ya mgongo. Lakini nyumba yangu ya Same haina bustani ya kuweka mkono. Alipanda mchicha nyuma ya bafu, akawa anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo, nusu ukawa unakauka. Siku za Jumatano alikuwa anaamka mapema bila sababu, anakaa barazani. Alifuma. Joto linachemka, vumbi linapita barabarani, yeye ana sweta mapajani. Watoto wa jirani wakamtania, "Bibi, sweta la nini na jua hili?" Akawajibu, "Jua ni la kwenu, sweta ni la kwetu." Wakacheka, naye akacheka, mimi nikaingia ndani kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Sweta lenyewe lilikuwa kubwa, kijivu na kijani. Nilidhani ni la mume wangu. Siku moja mwezi wa tisa akaniita, akaniwekea mgongo wa sweta mabegani kupima.

"Mimi? Huku nalivaa wapi, mama?"

"Si la huku. Msaragambo utakwenda kusimama mbele ya watu, na pale ndiva asubuhi kuna baridi." Akavuta bega likae sawa. "Utasema usingizi ulikupitia. Ni kosa la kawaida, watakusamehe."

Jamani. Alikuwa amenifumia sweta, na uongo wangu amenikunjia ndani yake, safi, tayari kuvaliwa. Nilitaka kumwambia palepale. Badala yake nikamshikia uzi.

Tulipanda Ijumaa, Jumamosi alfajiri pembe ikalia. Safari hii nilikuwa nimekwisha vaa. Mama alisisitiza kuja, kajifunga kanga mbili na shuka. Pale ndiva kulikuwa na watu kama arobaini, wengi wamenibeba utotoni, tundu limezibuliwa, tope jeusi limebaki. Mwenyekiti akasema nyumba yetu ina neno. Nikasogea mbele. Maneno ya usingizi nilikuwa nayo kabisa. Nikawaangalia, nikamwangalia mama anavyonitikisia kichwa kunitia moyo, nikashindwa.

"Sikupitiwa na usingizi," nilisema. "Pembe niliisikia, mara zote mbili. Nililala makusudi. Nilitaka mama anyang'anywe zamu ili asiwe na sababu ya kubaki, aje kukaa kwangu. Nilimwibia, na mpaka sasa hivi nilikuwa namdanganya." Nikaanza kulia, kilio kile cha kwikwi, mbele ya watu wote.

Mzee mmoja alitema mate pembeni. Nikajua imekwisha: watu hawawezi kumrudishia maji mtu aliyeyatupa kwa kusudi, na mama ataikosa Jumatano yake maisha yake yote kwa sababu yangu.

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia," mama alisema. "Na pembe siku ile niliisikia."

Nikainua uso nikamwangalia.

"Nilikuwa macho," alisema, akiwaambia wao, si mimi. "Nilimsikia anageuka kitandani. Ningemwita mara moja tu angeamka, huyu ni mkali lakini ni mtiifu. Sikumwita. Hata kikohozi nilikibana kwa kanga asijue niko macho." Alivuta pumzi. "Nilikuwa nimechoka. Baridi ya mwaka huu ilinitisha, peke yangu mle ndani. Nilitaka mtu anichukue, ila sikujua ninaanzaje kusema, baada ya kukataa miaka yote hiyo. Kwa hiyo msimpe yeye kosa lote. Tumekosa wawili. Tupeni sehemu ya tope ya watu wawili."

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja aliyesoma nami darasa la kwanza akaanza kucheka, akaziba mdomo, kicheko kikawaponyoka na wengine. Mwenyekiti alijikuna kidevu, akasema kama hakuna anayepinga Jumatano inarudi, na sehemu yetu ni ile kona ya chini, yenye tope la kiuno. Hakuna aliyepinga.

Nilikuwa bado nimesimama pale, sijui nimshike mkono mama au nimpigie magoti. Yeye alikuwa amekwisha vua viatu, anashuka kwenye tope.

"Mama, kifua!" nilipiga kelele.

"Kifua ni changu," alisema bila kugeuka. "Lete jembe. Na ukipata baridi useme, usinyamaze kama mimi."