Masaa Mawili Hadi Kinshasa

Mama alifia Kinshasa siku ya Jumatatu, alikokuwa amepelekwa kutibiwa figo. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa Kisangani, upande wa Lubunga ng’ambo ya mto, ninafundisha darasa la tatu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa Ubelgiji. Kwetu binti mkubwa ndiye anayemwosha mama yake, kwa hiyo mama mdogo aliniambia kwa simu kwamba watanisubiri. Nikatia begini kitenge kipya cha kumvika.

Kesho yake nilivuka mto kwa pirogi, nikapanda pikipiki hadi uwanja wa ndege. Ndege haikuja. Mtu wa kampuni alisema injini ina shida, turudi kesho. Jumatano nikavuka tena. Tulikaa juani hadi saa tisa, ndipo tukaambiwa ndege imekodiwa na wakubwa. Mama mmoja mwenye mzigo wa samaki wakavu alicheka; alikuwa anangoja tangu wiki iliyopita. Mimi sikuweza.

Jioni mdogo wangu akanipigia. Alikuwa ameshatua Kinshasa. Alipanda ndege jana asubuhi, na kabla ya kulala akawa amefika. Aliongea taratibu, kama mimi ninavyowafundisha watoto hesabu.

“Yaya, dada yangu, nimeangalia kwenye simu. Toka Kisangani ni kilometa elfu moja na kitu, masaa mbili tu. Mimi nimetoka Poto, huko Ulaya, nimefika. Weye iko wapi?”

Nilimwambia niko ukingoni, ninasubiri pirogi inirudishe nyumbani. Kisha akasema likizo yake ni fupi, na umeme wa mochari hauaminiki. Niliomba siku moja, au mbili. Akasema ataongea na wazee.

Walimzika Alhamisi. Habari ilinikuta uwanjani, nimekalia begi langu.

Ndege ilikuja Jumamosi, na nikaipanda, sijui kwa nini. Kweli ilikuwa masaa mawili. Nilipofika matangani, mdogo wangu alikuwa anafunga sanduku lake. Alinikumbatia, halafu akawageukia wageni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Huyu wa karibu ndiye amechelewa.” Watu wakatazama chini.

Mama mdogo ndiye aliyemwosha. Nilimfuata jikoni, nikamuuliza kama kile kidonda cha mguuni, nilichokuwa nakisafisha kila asubuhi kabla hajasafiri, kilikuwa kimepona. Alifikiri, kisha akasema hakukiangalia. Vitenge vya mama vilikuwa vimeshagawanywa. Kile nilichokuja nacho alikipokea yeye, akanishukuru.

Siku hizi mdogo wangu hupiga simu kila Noeli. Ninampa mume wangu simu, nao wanaongea mpira.