Meza ya Shaba Siku ya Ntheo

Kazi yangu ni kushona mapazia, na kazi hiyo ndiyo iliyoniharibu. Fundi wa nguo humwona mteja akija dukani amejipanga. Fundi wa mapazia huingia mpaka sebuleni, akapanda kiti, akapima dirisha, na akiwa huko juu anaona kila kitu ambacho mwenye nyumba amesahau kuwa nacho. Mimi nikiwa juu ya kiti huangalia chini. Natafuta meza.

Sitaki meza yoyote tu. Nataka zile fupi za chuma zilizotengenezwa miaka ya hamsini na sitini, ambazo wenye maduka ya fanicha huziita meza za kahawa, ingawa hapa Machakos sijaona mtu akizinywea kahawa. Sisi ni watu wa chai. Zilitengenezwa na mafundi waliokuwa na muda. Miguu yake ni myembamba, imepanuka kwa chini kama ya ndama anayejaribu kusimama mara ya kwanza, na juu kuna bamba la shaba lililogongwa kwa nyundo mpaka likatoa picha: majani, samaki, jua lenye miale. Moja niliyonayo imesukwa kwa vyuma vyembamba kama kiondo. Nyingine ziliachwa na wazungu wa mashambani walipohama, nyingine ni kazi ya mafundi wetu ambao hakuna aliyejali kuuliza majina yao. Nikizigeuza kutafuta alama ya fundi hupata kutu, na siku moja nilipata chingamu iliyokauka.

Watu wa hapa hawazithamini, na hilo hunipandisha hasira. Utakuta meza ya namna hiyo imepakwa rangi ya fedha, ile ya mageti, eti ipendeze wakati wa Krismasi. Utakuta imetupwa nje, kuku wamelala chini yake na majerikeni ya maji yamepangwa juu. Ukimwuliza mwenyewe, anasema, "Hiyo? Tunangojea mtu wa vyuma chakavu." Hapo mimi husema polepole, bila kuonyesha njaa yangu, kwamba naweza kumwondolea, na mapazia ya chumba kimoja nitamshonea bure. Wengi hucheka na kukubali. Nikifika nyumbani naisugua kwa ndimu na chumvi, na wiki nzima mikono yangu inanuka achari.

Mwanangu anayeishi Syokimau alikuja kunitembelea akagonga ugoko mara mbili kabla hajafika kwenye kiti. "Mathe," akasema, "hii nyumba ni ya watu ama ni ya meza?" Nilimwambia atafute pa kukaa na anyamaze.

Ile ninayotaka kuisimulia niliipata Ekalakala. Nilikuwa nimeitwa na mzee mmoja mstaafu aliyejenga nyumba mpya yenye madirisha makubwa, kisha akagundua kwamba hapendi jua. Nilipomaliza kupima nikaomba maji ya kunawa, akanielekeza jikoni, kule nje. Hapo chini ya ndoo nikaona ukingo wa shaba. Nikaitua ndoo chini. Ilikuwa meza ya duara, nyeusi tititi kwa moshi, na nilipopitisha kidole chenye maji akatokea ndege. Nikapitisha tena, akatokea mwingine. Walikuwa kanga, wale ndege wa madoadoa, wakifuatana mbio kuzunguka ukingo mzima, na kila doa la manyoya lilikuwa limegongwa peke yake. Mmoja wao alikuwa amegeuza shingo anaangalia nyuma. Nilisahau kabisa kwamba nilikuja kunawa.

Mzee hakuwa mjinga. Aliyaona macho yangu, akasema meza hiyo ni ya marehemu kaka yake na haiuzwi. Basi nikarudi Ekalakala kutundika mapazia, nikarudi tena kurekebisha pindo ambalo halikuwa na shida yoyote, nikarudi tena kumpelekea mkewe foronya ambazo hakuniagiza. Mwaka ukakaribia kwisha. Siku moja mzee akanipigia simu mwenyewe. Mtu wa vyuma chakavu alikuwa amepita na mizani yake, na mke wa mzee amesema heri ichukuliwe na yule mwendawazimu wa mapazia. Kesho yake nilikwenda na pikapu ya muuza maembe. Niliipakata meza ile njia nzima, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Jirani yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona imeng'aa. Yeye ni mjane. Baina yetu kuna ua wa miiba ya kayaba, wenye pengo tulilolikata wenyewe ili tusizunguke mpaka barabarani. Nilipofanyiwa upasuaji wa tumbo alipita kwenye pengo hilo kila asubuhi na uji, akanifulia hata vile vitu ambavyo mtu hapendi kufuliwa na mwingine. Lakini yeye mwenyewe hana mazoea ya kuomba. Akiishiwa na chumvi anapika bila chumvi. Kwa hiyo alipokuja jioni moja akasimama mlangoni bila kuingia, nilijua kuna jambo.

"Mutui," alisema, maana ndivyo tunavyoitana majirani kwa Kikamba, "si unajua wageni wa msichana wanakuja Jumamosi?"

Nilijua. Binti yake, naye ana huyo mmoja tu, alikuwa amepata mchumba kutoka Kathiani. Jumamosi hiyo ukoo wa kijana ulikuwa unaleta mbuzi wa ntheo, na mbuzi hao wakishapokewa, msichana huhesabiwa kuwa ana wenyewe.

"Viti niko nazo, nimepewa na kanisa," akaendelea. "Lakini hapo katikati niko na stuli tu. Na hao watu nasikia wako na nyumba kubwa. Sitaki waseme msichana yangu ametoka kwa nyumba haina kitu."

"Chukua meza," nikamwambia. "Unataka gani?"

"Ile ya ndege."

Nikamwonyesha ile iliyosukwa kama kiondo, nikamwonyesha na ile ya jua, nikazisifu utadhani niko sokoni. Alinisikiliza kwa adabu. "Hizo pia ni nzuri," alisema, na macho yake hayakutoka kwenye ile ya kanga. Tukaibeba sote wawili kupitia kwenye pengo, mimi nikienda kinyumenyume na kumwambia angalia miiba, angalia miiba, mpaka akaniuliza kama nilitaka abebe miiba badala ya meza.

Jumamosi nilishinda jikoni kwake na akina mama wengine. Wageni waliimba getini mpaka wakafunguliwa, mbuzi wakapokewa, watu wakaketi. Msemaji wa upande wetu alikuwa shemeji yake jirani, ndugu wa marehemu mumewe, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Masinga kusimama mahali pa baba. Ni mtu mwema, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuwa hajakanyaga nyumba hiyo tangu mazishi. Kila alichokiona sebuleni alidhani ni cha ndugu yake.

Nyanya ya kijana, ambaye wote walimwita Susu kama tunavyomwita bibi kwa Kikamba, aliketishwa karibu na meza kwa sababu magoti yake hayakutaka kwenda mbali. Nilipoingia na sinia ya vikombe nilimkuta ameinama, anafuata ukingo kwa kidole, ndege mmoja baada ya mwingine.

"Aiya! Hawa si ni kanga?" alisema. "Nilikuwa nafukuza hawa kwa shamba ya ndengu nikiwa msichana, mpaka miguu inauma." Kisha kidole chake kikasimama. "Na huyu? Huyu anaangalia nini huko nyuma?" Akacheka peke yake, mpaka akatoa leso kujifuta macho. "Huyu anaangalia kama bado namfuata."

Sebule nzima ikacheka naye. Mimi nilisimama na sinia yangu. Katika wote waliowahi kuingia nyumbani kwangu wakapumzisha vikombe juu ya meza ile, hakuna aliyekuwa amemwona ndege huyo. Nilimpenda bikizee yule papo hapo, na nikaona wivu.

Shemeji akanyanyuka, akakohoa. "Wakwe zetu," alisema, "mmetuletea mbuzi, na sisi si watu wa kupokea na kunyamaza. Susu amependa hii meza. Basi ni yake! Leo hii inaenda na yeye Kathiani!"

Vigelegele vikapaa. Upande wa kijana wakasimama kupiga makofi. Bikizee akaiwekea meza mikono yote miwili kama mtu aliyepewa mtoto.

Nikamtafuta jirani yangu. Alikuwa kwenye mlango wa jikoni na thamosi mkononi. Aliiweka sakafuni, taratibu, kisha akasimama wima.

"Shemeji," alisema. "Hiyo meza..."

Watu wakaanza kunyamaza ili wamsikie. Mimi namjua. Alikuwa anakwenda kusema. Angesema mbele ya wakwe zake, siku ya kwanza ya kujuana nao, kwamba meza ni ya kuazima, kwa sababu hajawahi kubaki na kitu cha mtu na asingeanzia hapo. Shemeji angeketi na aibu yake, bikizee angeondoa mikono, na binti angeingia Kathiani akiwa msichana wa ile nyumba iliyopambwa kwa vitu vya jirani. Haya yote niliyaona waziwazi. Na bado nilitaka aseme. Kwa muda wa pumzi moja nilimwombea nguvu aseme upesi, nirudishiwe kanga wangu.

Kisha nikaona jinsi alivyokuwa ameishika sketi yake kwa ngumi.

"Hiyo meza iko na masizi huku chini," nikasema kwa sauti kubwa. "Mngojee niipanguse kwanza. Haiwezi kwenda kwa watu hivyo."

Nilichukua kitambaa, nikapiga magoti katikati ya viatu vya wageni. Masizi hayakuwepo, niliyamaliza mwenyewe kwa ndimu na chumvi. Nikapangusa hata hivyo. Nilipangusa miguu, nikapita kwenye viungio, nikapanda juu, nikampa kila ndege zamu yake. Bikizee aliniinamia. "Unapanguza vizuri," akasema. "Wewe ni wa hapa nyumbani?"

"Mimi ni jirani tu, Susu," nikamjibu. "Usiisugue kwa mchanga. Tumia ndimu."

"Ndimu," akarudia, na nikaona kwamba ameshika.

Waliiingiza katika gari lao mchana huo huo, ikiwa imefungwa kwa kipande cha kitambaa kizito nilichokimbilia nyumbani kukileta. Nilifunga fundo mwenyewe. Vijana walitaka kuilaza kifudifudi, nikawakemea mpaka wakaisimamisha.

Wageni walipokwisha kuondoka, akina mama wengine nao wakatawanyika. Shemeji alikuwa nje akimweleza mtu kwenye simu jinsi siku ilivyokwenda vizuri. Mimi na jirani tulibaki na sufuria nyuma ya jikoni. Alisugua moja tu kwa muda mrefu, ikawa safi, akaendelea kuisugua.

"Nilikuwa nasema," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Mbona hukuniacha niseme?"

Nilikuwa na majibu ya kutosha, yote ya kikanisa, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Nilikuwa na uchungu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria pale mahali dirishani pangu palipokuwa patupu.

"Ni meza tu," nikamwambia.

Aliniangalia. Huyu ni mtu aliyekuwa akinisikiliza mwaka mzima nikirudi kutoka Ekalakala mikono mitupu na hadithi ndefu. Angeweza kunibishia, na angenishinda. Badala yake alisema, "Eeh, mutui. Ni meza tu," akanishika mkono wangu uliojaa povu. Hapo tukaanza kulia sote wawili, yeye akimlilia binti yake, mimi nikiililia meza yangu, na kila mmoja alijua vizuri mwenzake analilia nini.