Lenzi ya Kumheshimu Mkwe

Kamera tuliachiwa na mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wa mume wangu kwenye karakana ya reli pale Tabora. Mkataba wake ulipokwisha alifunga masanduku, akagawa paka, akampa mume wangu kamera yake ya sinema, ndogo, ya kutia ufunguo ubavuni kama saa ya mezani. Aliitoa tupu. Mfuko, stendi na makorokoro yake mengine alikuwa ameshayagawa kwa wengine.

Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Wiki nzima alizunguka nyumbani amefumba jicho moja, akinifuata jikoni na kamera isiyo na filamu, akinielekeza niinue sufuria polepole. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina rundo la madaftari ya kusahihisha, na subira ya mchezo ule sikuwa nayo. Nilibadilika nilipopata habari za mama.

Mama yangu alikaa nje kidogo ya Bukene, kwenye kaya aliyoachiwa na marehemu baba: nyumba ya msonge, vihenge viwili, zizi, na uwanja alioufagia kila asubuhi mpaka ukawa mgumu na mweupe. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mjumbe alikuwa ameshampitia mara mbili kumwambia kwamba baada ya mavuno nyumba ile itabomolewa naye atahamia kijijini, kando ya barabara, ambako nyumba zilipangwa mstari. Darasani nilikuwa nawaimbisha watoto sifa za vijiji hivyo, na sehemu kubwa ya nilichowaimbisha nilikiamini. Lakini nilipofikiri kwamba uwanja ule utaota majani na mama yangu hataonekana tena akiukatiza na ungo mkononi, nilishikwa na huzuni ambayo nisingeweza kumweleza mwalimu mkuu. Nikamwambia mume wangu kwamba kamera yake imepata kazi. Nilimtaka mama yangu, anatembea, nyumbani kwake, kabla hawajaibomoa.

Mume wangu akaacha kucheza na ufunguo.

Asiyekuwa wa kwetu inabidi aelezwe. Kwetu Unyamwezini, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima, na hakuna inayoizidi. Wakikaribiana njiani mmoja anaiacha njia. Salamu zinapita nyuma ya ukuta, au kwa mbali, uso umegeuzwa upande. Kula pamoja ndiyo usiseme. Mume wangu alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya nne, na mambo mengi ya wazee alikuwa ameyaacha kwao Tura, lakini hili la mkwe hakuna mchungaji aliyeligusa. Katika miaka yote ya ndoa yetu alimjua mama yangu kwa sauti, kwa mgongo na kwa kanga zake. Hata siku ya harusi mama alijifunika mpaka puani. Sasa nilikuwa namwambia amwelekezee kamera.

Alilifikiri jambo hilo siku mbili, kisha akaja na jibu. Angesimama mbali, kule zizini, na kutoka kule heshima isingevunjika. Ilibaki kupata kifaa cha kupigia picha kutoka mbali.

Tukaenda dukani kwa Mhindi wa redio na picha, karibu na soko. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, amezaliwa palepale Tabora, na kwa matani ya Kinyamwezi alitushinda sote wawili. Vitu vya ng'ambo vilikuwa haviji tena, lakini chini ya meza alikuwa na kasha la miaka ya neema. Akatandika gazeti na kuanza kuvitoa kimoja kimoja, akivifuta vumbi kwa pindo la shati.

Mume wangu alivipenda vyote. Palikuwa na mfuko wa ngozi wa kuning'iniza begani. Palikuwa na vioo vya rangi vya kukaza mbele ya kamera, cha njano cha kupunguza ukali wa jua na kingine ambacho hata mwenye duka hakukumbuka kazi yake. Palikuwa na kipima mwanga chenye mshale unaorukaruka ukikielekeza mlangoni, na kibrashi cha manyoya laini ambacho mume wangu alijipitishia shavuni mara tatu. Ningemwacha, angenunua kasha lenyewe. Lakini uwezo wetu ulikuwa filamu mbili na kifaa kimoja, na hilo nilikuwa nimelisema njiani, nikalirudia mlangoni.

Mwenye duka alishauri stendi. Aliikunjua miguu yake mitatu juu ya sakafu, akaweka kamera juu, akatuonyesha na waya mrefu kidogo ambao mtu akiubonya mwisho wake kamera inaanza kazi yenyewe. Picha ya mkono mtupu, alisema, inamlevya mtazamaji, bora atazame ukuta. Mume wangu alijibu kwamba mkono wake hautetemeki, na kwamba lile dude ni zito kulibeba kutoka stesheni ya Bukene hadi kwa mkwe. Mhindi akamtazama juu ya miwani.

"Babu zenu wamebeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, wewe unashindwa na vijiti vitatu?"

"Babu yangu alilipwa," mume wangu akasema.

Ndipo akaitoa lenzi, fupi, nene, nyeusi. Aliikaza mbele ya kamera, akanipa mimi, akaniambia nitazame ng'ambo ya barabara. Kule barazani aliketi fundi cherehani mzee ambaye kwa macho yangu alikuwa kanzu na kofia tu. Nikaweka jicho. Fundi alikuja mpaka puani kwangu. Niliona pini alizozibana kwa midomo, nikaona na mvi zilizomtoka masikioni. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mimi ndiye niliyesema tuchukue hiyo, na kosa hilo ni langu mpaka leo. Niliwatolea na hoja, kwa sauti ileile ya darasani: stendi ni ya mtu anayekaa karibu, sisi wetu anakaa mbali, na kwa lenzi hii atakaa mbali na bado mama ataonekana vizuri. Mwenye duka alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema huyo ndiye mwalimu. Mume wangu alinitazama kwa fahari. Tulikuwa watu wazima watatu pale, na hakuna aliyelitafakari jambo lile hadi mwisho wake.

Likizo ilipofika tulipanda treni ya Mwanza, tukateremka Bukene, tukatembea. Mume wangu aliikumbatia kamera njia nzima ili isiingie vumbi. Tulipokaribia alikohoa mara mbili, kama inavyopasa, mama akaingia ndani, salamu zikapita kwenye ukuta wa matete. Mama alimuuliza habari za kwao, akamuuliza kama bado anaimba. Alimpenda sana mkwewe. Alikuwa anamtengea karanga nzuri kuliko zangu, na mimi nilikuwa naona wivu waziwazi.

Asubuhi yake mama alivaa kanga mpya, akatoka na ungo wa mtama, akakaa katikati ya uwanja. Mume wangu alikuwa ameshakwenda zizini, hatua arobaini hivi, amegeukia ng'ombe akisubiri nimpe ishara. Mama alimtupia jicho la pembeni, akaniuliza huyu mwenzangu ataona nini kutoka kule. Nikamweleza kwa majivuno kwamba tumenunua kioo maalumu kwa ajili ya heshima yake. Kinavuta. Mama akataka kukiona. Nikakimbia zizini, nikaja na kamera, nikamwekea jichoni na kumwelekeza kwenye kihenge cha mbali ambako kuku alikuwa anaparua.

Mama alitazama muda mrefu. Nilisubiri acheke kama nilivyocheka mimi dukani. Aliishusha kamera taratibu, akailaza juu ya mkeka, akaiangalia namna mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia bila hodi.

"Yule kuku yuko kule," akasema, "lakini nimeona mpaka jicho lake linavyopepesa."

"Ndiyo, mama."

"Basi miguu ya mume wako iko zizini, na macho yake umeniletea hapa." Akapima shibiri moja kutoka puani mwake. "Mwanangu, hata baba yako hakunitazama karibu hivi mchana."

Akachukua ungo wake, akaingia ndani. Nilibaki uwanjani nimeshika lenzi ya heshima. Mume wangu hakusikia maneno, lakini alimwona mama akiinuka, akamwona mke wake amesimama kama nguzo, akaelewa yote kwa mkupuo. Alijifunika uso kwa viganja viwili, akakaa chini, kwenye samadi.

Niliona aibu na niliogopa. Mavuno yalikuwa karibu kwisha, likizo nyingine ingenikuta uwanja hauna mtu, na aliyejua kuitumia kamera alikuwa mmoja tu. Nikaenda zizini nikamwambia anifundishe. Alinifundisha pale chini, bila kuinua macho kuelekea nyumbani: aliifungua lenzi akaitia mfukoni, ikabaki ile ndogo ya kamera yenyewe, akanionyesha ufunguo unavyojazwa, mlango wa mwanga unavyofunguliwa kwa jua la kwetu, kidole kinavyokaa. Aliniambia nibane viwiko mbavuni, nisipumue. Nikarudi, nikasimama mlangoni pa mama, nikamwambia kwamba sasa nitatazama mimi, niliyetoka tumboni mwake.

Alikawia makusudi, kisha akatoka.

Nilimpiga picha hatua nne mbele yangu. Alipepeta mtama. Alikatiza uwanja, akarudi, akafungua kihenge na kukifunga. Alikuwa anasema nami muda wote, ananikosoa nilivyoinama, kwamba mwalimu mzima anachuchumaa namna ile, nami nilicheka mpaka viwiko vikaachana na mbavu. Mwisho alisimama, akanitazama. Hakuangalia kamera, alinitazama mimi, mwanawe, moja kwa moja, akitabasamu, mpaka ufunguo ulipoishiwa nguvu.

Tuliporudi Tabora mwenye duka alisikiliza kisa chote mkono mdomoni. Alijilaumu kuliko nilivyojilaumu mimi. Mke wake, alisema, alijitanda ushungi mbele ya baba mkwe mpaka mzee alipofariki akachomwa kwa desturi yao, hivyo yeye asiyaone mambo haya alikuwa na akili gani. Aliirudisha lenzi kwenye kasha, akatupatia stendi badala yake. Filamu ilitumwa ng'ambo kwa posta na ikakawia miezi. Ilipokuja tuliitazama mchana, kwenye stoo ya duka, magunia yametundikwa madirishani na shuka ukutani. Mwenye duka aliendesha mashine yake ya kuonyeshea sinema. Mume wangu alikuja, lakini aliketi kwenye debe akiipa shuka mgongo, akawa ananiuliza: sasa anafanya nini? Nami namweleza. Mhindi akamwona mama yangu kabla ya mkwewe, na jambo hilo tulilicheka sana.

Kwa miaka mingi ikawa hivyo. Mama alihamia kijijini, akalima shamba lake pale, akapaona pana majirani wa kuongea nao. Kule kwa zamani pakaota majani. Mwenye duka alipohama nchi alituachia mashine ile, na kila nilipomkumbuka mama nilifunga madirisha nikaiwasha, na mume wangu aligeuza kiti chake. Watoto wetu walidhani ndivyo sinema inavyotazamwa na akina baba.

Mama alipougua ugonjwa wa mwisho nilikuwa pembeni yake. Siku moja, nikimlisha uji, aliniuliza kama ile picha bado ipo. Nikamwambia ipo. Akamaliza kijiko alichokuwa nacho mdomoni.

"Nikishaondoka, mwambie mwanangu anitazame," akasema. "Amenipa mgongo miaka ya kutosha."

Baada ya arobaini nilimpa mume wangu salamu hizo. Ilipita kama wiki, halafu Jumapili moja, tumetoka kanisani, alifunga madirisha mwenyewe. Alivaa koti lake la harusi, lililokuwa halifungiki tena kifungo, akaweka kiti kikaielekea shuka, akaniomba niwashe mimi. Mama akapepeta mtama wake. Akakatiza uwanja, akafungua kihenge na kukifunga. Kisha akasimama, akatazama mbele na kutabasamu, na safari hii aliyekuwa mbele yake ni mume wangu.

"Shikamoo, mama," mume wangu akasema.

Mkanda ukaisha, shuka ikabaki nyeupe. Aliniomba niurudishe mwanzo, maana mama alipomtazama, alisema, yeye alikuwa ameinamisha uso.