Mole Moja ya Maji

Kazi yangu ya ualimu ilianza Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wiki ya tatu ya muhula huu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa nimeiomba. Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa amehamishiwa Timau, na hakuna aliyeletwa mahali pake. Mkuu wa Idara, mzee wa Embu ambaye saa hiyo hiyo hufundisha Kidato cha Nne, alisimama mlangoni akauliza, "Sekretari wa Kemia ni nani?"

Sekretari hukusanya vitabu tu na kuvipeleka stafurumu, chumba cha walimu. Nilisimama.

"Shika chaki. Mmefika kwa mole. Soma kitabu, uwaeleze wenzako."

"Mwalimu, mimi huwa siongei."

"Mole haitaki kelele," akasema, akaenda zake.

Nyinyi wa vidato vya chini mtakaosoma haya mtafika hapo, kwa hivyo nawaeleza. Chembe za kitu ni ndogo mno, hakuna wa kuzihesabu moja moja. Wanakemia huzihesabu kwa mafungu, na kila fungu ni mole: sita ikifuatwa na tarakimu ishirini na tatu. Badala ya kuhesabu, unapima kwa mizani. Gramu kumi na mbili za kaboni ni mole moja. Gramu kumi na nane za maji ni mole moja pia. Uzito ni tofauti, idadi ni ile ile.

Nilisema yote hayo nikiangalia ubao. Wawira, ambaye ametoka huko chini Mbeere kwenye joto, na hukaa dawati la mbele, akaniambia, "Gakii, hiyo ni ya kitabu. Tuambie kama mtu."

Basi nikawaambia kama mtu. Mama yangu huuza maharagwe soko la Kianjai. Hahesabu punje. Anajaza gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, halafu anaongeza konzi moja juu ili mteja arudi. Niliazima gorogoro jikoni mwa shule nikaiweka mezani. "Mole ni gorogoro ya mkemia," nikasema, na darasa zima likasema aaa.

Tangu siku hiyo nikaitwa Mwalimu Gorogoro. "Leo unatupimia nini, Mwalimu?" walikuwa wakiuliza. "Usisahau kuongeza!" Nikisema sikufurahi nitakuwa nadanganya. Nilianza hata kugeuka na kuwaangalia.

Lakini gorogoro hupima nafasi, haipimi idadi. Jaza ya mahindi, jaza ya maharagwe, uhesabu: punje hazitoshani. Nimepima na mama tangu nikiwa mdogo na sikufikiria hilo. Tulipofika mahali kitabu kinasema mole ya gesi, kwa joto la kawaida la chumba, hujaza lita ishirini na nne, nikasema, "Mnaona? Hiyo ndiyo saizi ya gorogoro." Neno gesi nililipita. Nikawaandikia vikadi vya kusomea, kwa herufi kubwa: MOLE MOJA = LITA 24. Wawira ndiye aliyeomba cha kwanza.

Jumanne ya wiki hii tukafanya mtihani. Mole moja ya maji ina ujazo gani? Jibu ni mililita kumi na nane, kama vijiko vitatu na kitu vya dawa ya kikohozi. Wasichana arobaini na wawili tuliandika lita ishirini na nne. Mtungi mzima, na unamwagika.

Jana baada ya chakula cha mchana Naibu Mwalimu Mkuu aliingia na karatasi zetu. "Watu wanaweza kupata sawa," alisema. "Kukosea sawa, wote, hiyo ni kuiba. Mwakenya ililetwa na nani?" Mwakenya ni karatasi ya kuibia mtihani. Alipekua madawati. Kwenye kikasha cha jometri cha Wawira akapata kadi yangu.

"Nani aliandika hii?"

Wawira alinitazama mara moja, kisha akaangalia viatu vyake. "Ni yangu."

Sote tulijua cucu wake, nyanya anayemlea, aliapa kwamba akirudishwa nyumbani mara nyingine, atabaki kuchunga mbuzi. Nilijua. Ulimi wangu ukakaa pale pale ulipokuwa.

Akaamriwa aende nyumbani alasiri hiyo hiyo. Nilimsaidia kubeba sanduku hadi getini. "Kwa nini hukunitaja?" nikamuuliza.

"Nikikutaja, nani atawafundisha?"

Nimeandika haya leo Alhamisi. Sina mawaidha ya mwalimu mstaafu. Najua tu kwamba kufundisha kitu usichokielewa ni rahisi, hasa ukipendwa.

Asubuhi hii, kabla ya kengele, nilibisha ofisini kwa Naibu. Nikaomba kalamu, nikaandika MOLE MOJA = LITA 24 kwa herufi zile zile. Akaweka karatasi yangu kando ya kadi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo. Niliogopa."

"Na yeye hakuogopa?"

Naibu akapiga simu ya cucu mara tatu ili Wawira arudi. Imezimwa. Akasema atajaribu tena jioni.

Nikaenda darasani na gorogoro. Nikapima maji mililita kumi na nane kwa bomba la sindano la maabara, nikayamimina ndani, nikaipitisha dawati kwa dawati. Hayakufunika hata chini ya mkebe. Hakuna aliyeniita Mwalimu. Ilipofika dawati la Wawira niliiweka hapo, nikaenda stafurumu kumrudishia Mkuu wa Idara chaki yake.