Ndege Iliyopita Juu ya Kamba za Nguo

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mpangaji wa Kitengela, na kwa miaka mitatu ugonjwa wangu umekuwa kupiga picha ndege za kivita. Kila sikukuu ya taifa inapokaribia, marubani wa jeshi huanza mazoezi, na siku nyingine hupita juu yetu chini kiasi cha kutingisha mabati. Wenye akili huziba masikio. Mimi hukimbilia juu ya paa la ploti yetu, jengo la wapangaji la orofa tano, na kamera niliyouziwa na jirani aliyekuwa anahama.

Shida ni kwamba ndege hizi hazina adabu. Ukiisikia, imeshafika Rongai. Ndiyo maana picha zangu zilikuwa za mawingu, nyaya za stima na tangi la maji. Siku niliyothubutu kuwaonyesha walimu wenzangu, mmoja aliuliza, "Mwalimu, hii ni ndege ama ni inzi amekufa kwa lenzi?" Walicheka hadi kengele ikalia. Niliumia, sitadanganya. Nilitaka picha moja tu iliyo wazi, niwafunge midomo.

Mke wangu alikuwa na hofu yake. "Siku moja jeshi itakushika, na mimi sikuji kukutoa." Hakuna aliyenionya kuhusu kamba za nguo.

Kwetu kamba ziko juu ya paa hilo hilo, na zina sheria. Shuka huanikwa kamba za nje, na nguo za ndani za akina mama hukaa kamba ya katikati, zimezungushiwa shuka kama siri za serikali. Kila mtu anajua ziko hapo, na hakuna anayeziona. Mwanamume akipanda huko hutazama pembeni, wala hagusi shuka ya mwenzake hata upepo uibebe hadi Kajiado. Hakuna aliyeiandika sheria hii, na hakuna asiyeijua.

Jumamosi moja nilikuwa nakunywa chai ndege ya kwanza ilipopita. Huwa haiji peke yake, kwa hivyo nilipanda ngazi mbio. Maji yalikuwa yametoka jana yake baada ya wiki nzima ya mifereji kukauka, na ploti nzima ilikuwa imefua. Paa lote lilikuwa shuka tupu. Kipande cha mbingu kilichobaki kilikuwa juu ya kamba ya katikati, na hapo nikaiona ndege ya pili ikija kutoka upande wa Athi River, bado kimya. Nikaingia. Mkono wa kushoto ukasukuma shuka ya waridi kando, wa kulia ukabonyeza kamera.

Nilipoangalia kioo cha kamera, ilikuwa hapo. Pua, mabawa, mkia, hata kichwa cha rubani, kidogo kama punje ya ndengu. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Halafu nikaona pembeni, chini, ikipepea kwa fahari kama bendera, chupi ya rangi ya chungwa ya mwenyekiti wa kwaya, jirani yangu wa orofa ya tatu.

Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni.

"Mwalimu! Unafanya nini kwa nguo zangu?"

"Mama, napiga picha ya ndege."

"Ndege gani? Si imeenda! Na mbona unacheka?"

Heri ningeshikwa na jeshi. Alishuka ngazi akipiga kelele, na kabla sijapata la kusema, msimamizi wa ploti alikuwa amewaita wapangaji wote langoni. Akapaza sauti kutoka chini kwamba nilete kamera ikaguliwe, na ikipatikana nguo ya mtu humo, nihame na familia yangu.

Nilikuwa na orofa tano za kufikiria. Ningeeleza kwamba mimi niliangalia ndege tu, lakini nani angenisikiza? Ndege ilikuwa ya kijivu. Chupi ilikuwa ya chungwa. Nilipofika orofa ya tatu, mbele ya mlango wake, nikaifuta picha. Uchungu nilioupata pale sikuupata hata siku niliyoibiwa pikipiki.

"Sopa, mwalimu," msimamizi alinisalimu kwanza, kwa heshima zake za Kimaasai. "Sasa leta hiyo kitu."

Mwenyekiti wa kwaya ndiye aliyekagua, wengine wakichungulia juu ya mabega yake. Wingu. Waya. Tangi. Doa. Tangi tena. Uso uliokuwa umekunjwa ukaanza kulegea, mabega yakaanza kutikisika.

"Woi, mwalimu! Picha hizi zote na hakuna ndege hata moja?" Alicheka hadi akashika lango. "Wachaneni na huyu. Hata angetaka kupiga chupi yangu, angepiga tangi."

Ploti nzima ikaangua kicheko. Nikasamehewa kwa kutojua kazi.

"Ni kweli, Mama," nikasema.

Nyumbani mke wangu, ambaye ndiye aliyecheka kuliko wote, alinipashia ile chai.

"Miaka mitatu, Baba Watoto," alisema akipangusa machozi. "Kweli hukupata hata moja?"

Ndege zilikuwa zinarudi, vikombe vikitetemeka mezani, na kwa mara ya kwanza sikuinuka.

"Hata moja," nikasema.